Pasi ya Salamu Maria: refa usimame wapi saa ikisoma sifuri na mpira uko hewani?

jajiwanyuma_MN (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Najua humu wengi ni soka, Simba na Yanga, Gor na Ingwe, lakini najua pia tupo wengi tu tulioko Marekani ambao watoto wetu wanacheza ile futiboli yao ya helmeti na mpira wa umbo la yai, na wapo wachache kama mimi tunaoichezesha. Mi niko Minnesota, mwaka wa 9 huu napuliza filimbi mechi za sekondari za Ijumaa usiku, na kwenye kikosi chetu cha marefa watano mi ndo jaji wa nyuma, yaani yule anayesimama mbali kabisa nyuma ya walinzi.

Leo nataka tujadili kitu kimoja tu, pasi ya Salamu Maria. Kwa asiyeijua, timu iko nyuma pointi chache, zimebaki sekunde tatu au tano, haina namna nyingine, kwotabeki, yule mrushaji wa timu, anarudi nyuma anatupa mpira mbali kadri mkono wake unavyoweza kuelekea endizoni, lile eneo la kufungia nyuma ya mstari wa goli, na wapokeaji wanne watano wote wanakimbilia huko huko, walinzi saba nane nao wanarundikana huko huko, mpira unakaa hewani sekunde tatu nne hivi alafu unashuka katikati ya msitu wa mikono. Jina lilikuwepo zamani kidogo ila lililoshika dunia nzima ni la Desemba 28, 1975, Roger Staubach wa Dallas Cowboys alipomrushia Drew Pearson yadi 50 zikiwa zimebaki sekunde 24, wakaifunga Minnesota Vikings 17 kwa 14, na baada ya mechi Staubach ambaye ni Mkatoliki akasema alifumba macho akasali Salamu Maria. Mechi ile ilipigwa hapa hapa kwetu Bloomington.

Sasa niwaambie yaliyonikuta ndo mtaelewa kwanini naandika. Ilikuwa mwezi wa kumi, baridi kali, wenyeji wamezidiwa pointi 4, mpira uko yadi 44 upande wa wageni, sekunde 5 kwenye saa. Uwanja mzima unajua kinachokuja. Mi nikasimama kama ninavyosimama siku zote, yadi 25 hivi kutoka mstari wa kuanzia, pale mpira unapowekwa kabla ya mchezo, mpira ukapigwa snapu, yaani ukarudishwa kwa kwotabeki mchezo uanze, nikaanza kurudi kinyumenyume kama kawaida. Wale watoto wana miaka 17 wanakimbia kama swala. Kufika mstari wa goli wameshanifikia, nikajikuta niko katikati yao kabisa, wengine mbele yangu wengine nyuma yangu, nikageuka ili nichomoke nisigongwe na pale nilipogeuka ndo mpira ukashuka. Nilichoona ni migongo. Migongo na jezi na vumbi la ile raba nyeusi ya nyasi bandia. Nilipopata nafasi ya kuona wako chini wawili, mtoto wa wageni na mtoto wa wenyeji, mpira katikati, na wa wageni ndo alikuwa juu. Nikamtafuta refa mwenzangu wa pembeni kwa macho, yuko yadi 30 huko bado anakuja mbio kwasababu alibaki kwenye mstari wa kuanzia. Nikaamua peke yangu, wageni wamedaka, mechi imeisha.

Kesho yake mzazi mmoja akatuma video. Wote wawili walikuwa wameushika tangu hewani hadi chini. Na sheria zetu za sekondari ziko wazi, wakidaka kwa pamoja mpira ni wa timu iliyotupa pasi. Ilikuwa tachidauni, yaani bao, wenyeji wameshinda. Wale watoto walikuwa wa mwaka wa mwisho, hawakucheza tena. Mechi za kawaida za sekondari hatuna marudio ya video wala mtu wa kutusahihisha kutoka juu, ukishapuliza ndo imetoka. Nilikaa kwenye gari pale maegesho karibu saa nzima sikuwasha injini.

Nimeitazama ile video mara nyingi sana na kila mara naona kosa lilianza miguuni, kabla hata snapu haijapigwa. Kama ningekuwa nimesimama mahali sahihi wala nisingehitaji kukimbia, wangekuja kwangu wenyewe.

Kwahiyo tulikaa na kikosi tukabadilisha utaratibu, naweka hapa ili tujadili:

Jaji wa nyuma anaanzia kwenye mstari wa mwisho wa endizoni au nyuma yake kidogo, kabla ya snapu. Sio anaenda, anaanzia pale. Endizoni ina kina cha yadi 10 tu, ukiwa pale kila kitu kiko mbele yako na hakuna mtu anayeweza kukupita. Angalieni pia nguzo za goli, viwanja vingi vya sekondari bado vina zile za umbo la H zilizochimbiwa pale pale kwenye mstari, ukisimama katikati nguzo inakukata macho, sogea hatua mbili tatu. Na kabla ya yote toa watu, wapiga picha, watoto wa kushangilia, wale wa bendi, wote wanapenda kujaa pale nyuma dakika ya mwisho.

Wale wawili wa pembeni wanaenda kwenye pailoni, vile vinguzo vya kona za mstari wa goli, kila mtu upande wake, NJE ya uwanja, na wanabaki wapana. Mtaona hapo tumeshapata pembe tatu, rundo lote liko ndani ya boksi. Mmoja anaona migongo, mwingine anaona kifua, wa tatu anaona mikono kwa ubavu. Ampaya, yule refa wa katikati ya uwanja, anapanda kwenye mstari wa kuanzia kuchukua nafasi yao. Refa mkuu anabaki na kwotabeki.

Alafu la mwisho ambalo kwangu ndo kubwa, SIMAMA kabla mpira haujashuka. Ukikimbia macho yanaruka na picha inacheza. Bora uwe yadi 12 umesimama kuliko yadi 4 unakimbia.

Nakaribisha maoni hasa kwa wanaochezesha majimbo mengine. Kuna jambo la wa pembeni ambalo kikosini kwetu bado tunabishana.

---

refa_wa_ndondo

Mkuu uzi mtamu sana huu. Mi refa wa soka huku Mbagala na futiboli hiyo sijawahi hata kuishika lakini nimekuelewa neno kwa neno. Hiyo ni kona ya dakika ya 94 kipa nae amepanda. Watu 20 ndani ya boksi, mpira unaning'inia juu, na we refa ukivutwa na mpira ukaingia ndani ya boksi umekwisha, utaona visogo tu. Sisi tunafundishwa msaidizi asimame nyuma ya kibendera cha kona sambamba na mstari wa goli ili aone kama mpira umevuka wote, refa wa kati atafute upande wa pili apate pembe nyingine. Naona ni akili ile ile tu.

Swali langu, huko kwenu mnaangalia mpira au mnaangalia watu? Maana kwenye kona mi nimejifunza kwa shida kwamba mpira ukiwa juu hauna kosa lolote, wenye makosa wako chini.

---

jajiwanyuma_MN

@refa_wa_ndondo umepiga penyewe kaka. Tunaangalia watu. Mpira utajileta wenyewe. Mi kinachoniambia mpira umefika ni macho ya wachezaji, wakianza kuinua videvu na mikono najua nusu sekunde inakuja. Tumegawana hivi, wa pembeni kila mmoja anachukua wale wapokeaji walioanzia upande wake anawafuata hadi kwenye rundo, nani kamsukuma nani, nani kashika jezi. Mi wa nyuma nachukua rundo lenyewe na yule mjanja anayejificha nyuma yake.

Huyo mpokeaji wa nyuma ya rundo ndo anaua watu. Timu nyingi saivi zinapanga hivi, mmoja mrefu anaruka katikati, mmoja anakaa mbele ya rundo na mmoja nyuma, kwasababu walinzi wanafundishwa wasidake waupige tu chini, na ukipigwa vibaya unaruka nyuma. Oktoba 27, 2024 Washington Commanders na Chicago Bears, Jayden Daniels kazunguka na mpira zaidi ya sekunde 12 ndo akatupa, yadi 52, ukagongwa na mikono pale mbele ya goli ukaruka nyuma na Noah Brown yuko peke yake endizoni kaupokea kama mtu anayepokea mtoto. 18 kwa 15. Sasa fikiria jaji wa nyuma angekuwa kwenye rundo, nani angeona miguu ya Brown?

---

Mswahili_Katy_TX

Wakuu salamu kutoka Texas. Mi nachezesha huku mwaka wa 14. Kwanza niseme Texas sekondari zetu zinacheza kwa sheria za vyuo sio zile za kitaifa za sekondari kwahiyo baadhi ya vitu vitatofautiana na vya Minnesota.

Kaka mwanzisha uzi nakubaliana na wewe kwa jaji wa nyuma asilimia mia. Kwa wa pembeni sikubali. Ukiwatoa wote wawili kwenye mstari wa kuanzia nani anaona ofsaidi, yaani mlinzi kuvuka mstari kabla ya snapu? Nani anaona kama wameanza mapema? Ampaya wa sekondari anasimama nyuma ya walinzi wa kati, hawezi kuona mstari kwa ubavu. Na usisahau kwotabeki akikimbizwa anapanda mbele, lazima mtu aone kama alitupa akiwa nyuma ya mstari au ameshavuka. Mi nasema mmoja abaki, yule wa upande wa mkono wa kwotabeki, mwingine ndo ashuke.

Na kuna kitu watu wanasahau kabisa, makosa ya sekunde ya mwisho ndo yanayoamua kama kuna jaribio jingine moja bila saa. Septemba 10, 2016 Oklahoma State wanaongoza nyumbani kwao dhidi ya Central Michigan, dauni ya nne, yaani jaribio lao la mwisho, kwotabeki wao akautupa mpira mbali ili saa iishe, marefa wakaita kosa la kuutupa makusudi pasipo na mpokeaji, alafu wakawapa Central Michigan jaribio moja la ziada. Lile kosa adhabu yake ina kupoteza dauni ndani yake, kisheria kipindi hakiongezwi, mechi ilikuwa imeisha. Wakapewa, wakatupa Salamu Maria, mpokeaji akadaka akampasia mwenzake nyuma, mwenzake akakimbia hadi endizoni, 30 kwa 27. Wakubwa wa marefa wakakiri kosa na marefa wakasimamishwa lakini matokeo yakabaki. Kwahiyo unaposema nani asimame wapi usianze na endizoni, anza na mstari wa kuanzia na kitabu cha sheria kichwani.

---

jajiwanyuma_MN

@Mswahili_Katy_TX asante sana kaka, hapo hapo ndo kikosini kwetu tunapobishania. Mi nakujibu kwa hesabu. Nina miaka 47. Yadi 45 nikikimbia kwa nguvu zangu zote na viatu vya uwanjani ni sekunde 7 hivi, na wenzangu wa pembeni mmoja ananizidi umri. Mpira ukiwa yadi 45, kwotabeki akikaa nao sekunde 3 na hewani sekunde 4, mtu wangu aliyebaki kwenye mstari anafika pailoni wakati mpira nao unafika, yaani anafika anakimbia, macho yanaruka, hajasimama. Amefika lakini hajaona kitu.

Sasa upande wa pili, ofsaidi. Kwenye Salamu Maria walinzi wanaleta watu watatu tu mbele, wengine wote wako nyuma, nafasi ya mtu kuwa ofsaidi ni ndogo na ikitokea kubwa ampaya aliyepanda ataiona. Nafasi ya kupata ubishi endizoni ni kubwa mno. Mi nawapeleka macho mahali ubishi ulipo.

Ila la kwotabeki kuvuka mstari umenibana kweli. Kwetu ampaya snapu ikipigwa anapanda moja kwa moja hadi mstari wa kuanzia na anabaki pale na kazi mbili, mstari wa pasi na wale wanene wa mbele wanaomlinda kwotabeki wasiende mbali kabla pasi haijatupwa. Kwetu sekondari ni yadi 2, kwenu kwa sheria za vyuo ni 3. Fikiria kama ile ya Daniels sekunde 12, wanene wamechoka kuzuia wanaanza kuzurura kwenda mbele, lazima mtu awaone.

---

Mswahili_Katy_TX

Hesabu yako naikubali kwa yadi 45. Kwa yadi 30 je? Pale wa pembeni anafika mapema tu na hana sababu ya kuuacha mstari.

---

jajiwanyuma_MN

Kwa yadi 30 hapo nakubali kaka, anzieni kwenye mstari wote wawili alafu snapu ikipigwa ondokeni bila kuchelewa. Yadi 45 kwenda juu ndo nasema waanzie mbele, yadi 15 au 20 wameshashuka.

---

MamaMwamba_KY

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mama wa mtoto, tumetoka Bukavu saa hii tuko Kentucky, mtoto wangu njo anacheza mlinzi wa pembeni, nambari sitaisema. Ndugu refa hii hadithi yako ya wale watoto imenigusa sana kwa sababu sisi wazazi tunakuwaga kule juu tunalia na hatujuwe marefa nao wanabeba kitu nyumbani.

Naomba uniambie kitu kimoja. Kila mara kwa hii pasi ya mwisho mtoto wangu anasukumwa mu mgongo, ananiambia mama walinisukuma, na ile kitambaa ya njano ya marefa ya kuita kosa haitoke hata siku moja. Ni ruhusa? Sheria inalala sekunde ya mwisho?

---

jajiwanyuma_MN

@MamaMwamba_KY mama asante sana na pole. Hapana, sheria hailali. Kumsukuma mtu mgongoni kwa mikono akiwa anasubiri mpira ni kosa sekunde ya kwanza na ni kosa sekunde ya mwisho. Kinachotokea ni kwamba pale kuna watu kumi na moja wamebanana na kila mtu ana haki ya kuruka na kuufuata mpira, kwahiyo kugusana mabega na vifua tunakuacha. Mi natafuta kitu kimoja, nani KAHAMISHWA. Mikono imenyooka, mtu katoka mahali alipokuwa, mwingine kapata nafasi yake. Hapo natoa kitambaa hata kama uwanja mzima utanizomea. Na mpira ukishaguswa na mlinzi yeyote, habari ya kuingilia pasi inakuwa imekwisha, ndo maana wakati mwingine unaona mtoto kaangushwa na hatuiti, mpira ulishagongwa kabla.

Lakini nikuambie ukweli mama, mara nyingi kitambaa hakitoki kwasababu refa hakuona, na hakuona kwasababu alisimama vibaya. Kusukuma mgongoni unakuona ukiwa ubavuni. Ukiwa nyuma ya mstari wa mwisho unaona mgongo wa anayesukuma tu, mikono iko upande wa pili. Ndo maana nang'ang'ania watu wa pailoni wawepo, wale ndo macho ya mtoto wako.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Septemba 24, 2012 Seattle, Seahawks na Green Bay Packers. Russell Wilson katupa mpira wa mwisho, Golden Tate kabla hajaruka kamsukuma Sam Shields kwa mikono miwili mgongoni hadi chini, wazi kabisa, hakuna kitambaa. Siku ya pili ligi yenyewe ikasema lile lilikuwa kosa na lingeitwa mechi ingeisha pale pale Packers wameshinda.

---

chipukizi_wa_milia

Shikamooni wakubwa. Mi ndo nimeanza mwaka huu, nachezesha timu za watoto wa chini. Hiyo ya Seattle si ndo ile marefa wawili walitoa ishara mbili tofauti? Naomba mtueleze vizuri sisi wageni, pale walikosea nini, kusimama au kuamua?

---

jajiwanyuma_MN

Marahaba mdogo wangu. Ndo yenyewe. Marefa wa kawaida wa NFL, ile ligi kuu ya kulipwa, walikuwa wamefungiwa nje kwa mgogoro wa mkataba, mechi zinachezeshwa na marefa wa muda. Mpira umeshuka, Tate na M.D. Jennings wa Packers wote wanaung'ang'ania, wakaenda chini. Marefa wawili wakafika juu yao kila mmoja upande wake, na pale pale mmoja akainua mikono miwili juu, tachidauni, mwenzake akapunga mikono juu ya kichwa kusimamisha saa. Picha ile imezunguka dunia nzima. Mwisho ikawa tachidauni, 14 kwa 12, na siku mbili baadae mkataba ukapatikana marefa wa kawaida wakarudi.

Mi siwezi kumtupia mtu jiwe kwa ile maana yangu mmeshaisoma hapo juu. Ila ukiniuliza nilichojifunza, wao kufika walifika. Walikuwa karibu, labda karibu mno, wanatazama rundo kutoka juu. Kilichokosekana ni ile sekunde moja ya kutazamana usoni kabla ya mkono kupanda. Sisi saivi tumekubaliana hivi, mpira ukishuka HAKUNA anayenyanyua mkono. Filimbi kuzima mchezo sawa. Alafu tunatafutana macho watatu. Mwenye uhakika anaitikia kwa kichwa na kujigusa kifuani, maana yake ninao. Kama wawili wote wana jambo tunakutana tunaongea kwa sauti ya chini, na kila mtu anasema ALICHOONA, haongei anachodhani. Nimeona mkono wa bluu chini ya mpira. Nimeona mpira umegusa nyasi. Ndo refa mkuu anaamua. Inachukua sekunde kumi na uwanja unapiga kelele, wacha wapige.

Na kuchimba rundo, usivute wachezaji kwa nguvu, anza na wa juu, mguse mgongoni mwambie inuka taratibu, we macho yako yabaki kwenye mpira muda wote. Mpira unaweza kubadilisha mikono kule chini na we unahesabu mwenye nao mwisho wakati aliyeudaka ni mwingine.

---

zambarau_damu

Wakuu mi mkazi wa Bloomington na ni Vikings hadi kaburini, 1975 sikuwepo hata nchi hii lakini wazee wa huku ukiwatajia Drew Pearson wanakunja uso mpaka leo. Wanasema alimsukuma Nate Wright, mlinzi wetu, ndo maana Wright akaanguka. Uwanja ule wa Metropolitan ulishavunjwa, pale ndo wamejenga Mall of America, mi nafanya kazi humo, napita pale kila siku na ni kama naikanyaga ile mechi.

Na refa mmoja, Armen Terzian, alitupiwa chupa ya whisky kutoka jukwaani ikampata kichwani akachanika. Kwahiyo jamani mnapojadili kusimama mkumbuke na usalama wenu. Jaji wa nyuma anayesimama mstari wa mwisho mgongo wake uko kwa mashabiki.

---

jajiwanyuma_MN

@zambarau_damu hili nimelisoma mara mbili. Ni kweli kabisa. Ndo maana kwenye kikao cha kabla ya mechi tunamwomba msimamizi wa uwanja aweke mtu mzima wa shule nyuma ya kila endizoni dakika mbili za mwisho, na mchezo ukiisha tunatoka pamoja wote watano.

Na ile ya 1975 ina somo la kusimama pia. Pearson hakudakia endizoni, alidakia kama yadi 5 akaingia nao. Yaani mpira mwingi wa Salamu Maria unashuka MFUPI, mkono wa kwotabeki hautoshi. Kama marefa wote mmejaza endizoni hakuna aliye kwenye mstari wa goli kuona kama ameingia au hajaingia. Kuna ile nyingine ngumu, mpokeaji anadaka hewani akiwa ameshavuka mstari, mlinzi anamsukuma hadi anatua nje ya endizoni, yadi 1. Kama aliudaka akiwa ndani na kusukumwa ndo kulikomrudisha, ni tachidauni, na hiyo unaiona ukiwa umesimama kwenye mstari wenyewe tu, ukiwa yadi 3 mbele au nyuma unabahatisha.

---

Mswahili_Katy_TX

Hapo sina la kuongeza. Niongeze moja tu kwa refa mkuu, asisimame kule na kwotabeki anaangalia sinema. Mlinzi akidaka akaamua kukimbia nao, marefa wanne wote wako upande mmoja wamegeuka kinyume. Mnakumbuka Auburn na Alabama Novemba 30, 2013, ile sio pasi ilikuwa teke la kutafuta goli lililopungua, Chris Davis akalidaka nyuma kabisa ya endizoni akakimbia uwanja mzima sekunde zikiwa zimeisha. Kuna mtu lazima awe na mstari wa goli wa upande wa pili, na huyo ni refa. Mpira ukishatoka mkononi na kwotabeki yuko salama, aanze kurudi kinyumenyume taratibu.

---

refa_wa_ndondo

Nimejifunza mno. Jumapili nina fainali ya mtaa, kona zote za mwisho nimeshamwambia msaidizi wangu asikimbie akaja katikati, abaki pale pale kwenye kibendera.

---

chipukizi_wa_milia

Wakubwa swali la mwisho. Ijumaa nimepangwa jaji wa nyuma kwa mara ya kwanza. Ikitokea wako yadi 70 kutoka goli na sekunde 4, nako nianzie mstari wa mwisho?

---

jajiwanyuma_MN

Hapana mdogo wangu, na umeuliza vizuri sana maana hapa wengi wanakosea wakishakariri. Mtoto wa sekondari mwenye mkono mzuri anatupa yadi 50, na bado anarudi nyuma kama yadi 8 kabla ya kutupa. Yadi 70 mpira hautafika endizoni, utashuka kama yadi 28 hivi. Pale hakuna Salamu Maria, pale wanadaka katikati alafu wanaanza kupasiana kurudi nyuma, huyu kwa huyu, na we ukiwa umekaa mstari wa mwisho uko yadi 38 kutoka kwenye mchezo. Simama mstari wa goli, usiruhusu mtu akupite, hiyo inatosha. Wa pembeni nao wasishuke sana, wanahitajika kuangalia kila pasi kama imeenda nyuma au mbele, na mtu yeyote asipulize filimbi mapema kwa mazoea.

Kwahiyo fika mapema, wakati wa kupasha simama karibu na kwotabeki wa kila timu, atatupa ile mirefu mwishoni mwishoni, hesabu yadi. Mi nawaandika kwenye kile kikadi changu, nambari ya jezi na yadi.

---

chipukizi_wa_milia

Sawa mkubwa. Nitarudi hapa Jumamosi.

---

chipukizi_wa_milia

Nimerudi wakuu. Wenyeji namba 12 yadi 46, wageni namba 7 yadi 41 ila anautupa juu sana unakaa hewani. Mwisho wa nusu ya kwanza walikuwa yadi 33, sekunde 3. Nilienda mstari wa mwisho mapema, nikawatoa wapiga picha wawili, nikasogea hatua tatu kutoka kwenye nguzo. Uligongwa ukaruka nyuma ukaja upande wangu, mtoto akaudaka mguu wa kwanza kwenye mstari kabisa. Niliuona ule mguu, weupe wa chokaa ulipanda kwenye kiatu. Nikamtazama wa pembeni kulia, akatikisa kichwa kwamba hana kitu, nikajigusa kifua nikapunga, haijadakwa. Kocha wao alikuja mbio, nikamwambia nilichoona, akaangalia kiatu cha mtoto, akarudi benchi.